Dago na Likizo: Historia ya Wageni Wanaovua Ufukweni

Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeishi Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika katika karne ya 1 kitabu kifupi cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Kitabu hicho, Periplus, hakina porojo. Bandari hii ina pembe za ndovu, ile ina magamba ya kasa, pale watu wana maumbo makubwa na kila mahali pana mkuu wake. Lakini alipofika kwenye kisiwa alichokiita Menouthias, ambacho wanahistoria bado wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, mwandishi alipunguza mwendo. Aliona mitumbwi midogo, mingine ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, mingine ya gogo moja. Akaona pia kitu alichokiita cha pekee: wenyeji walikuwa wakinasa kasa kwa mitego ya kusukwa, iliyofungwa kwenye midomo ya mikondo, mahali maji yanapolazimika kupita.

Huyo ndiye mgeni wa kwanza aliyeacha maandishi juu ya uvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki. Alichokitazama hakikuwa chombo kinachokimbilia kilindini. Ulikuwa mtego umetulia, unangoja bahari iulishe.

Historia ya Waswahili imezoea kusimuliwa kutoka juu ya jahazi: kaskazi na kusi, Maskati na Gujarati, boriti za mikoko zikienda, sahani za China zikija. Mifupa ya samaki ina masimulizi mengine. Kuanzia mwaka 1980 Mark Horton alichimba magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, mji ambao tabaka zake za chini kabisa ni za karne ya 8. Yeye na Nina Mudida waliichambua mifupa iliyotupwa majalalani na watu wa mji huo, wakagundua kwamba samaki wa awali walikuwa wa karibu: wa mikokoni, wa kwenye nyasi za bahari, wa madimbwi yaliyo nyuma ya mwamba. Mwaka 2015 Jeffrey Fleisher na wenzake waliandika katika jarida la American Anthropologist makala iliyouliza ni lini hasa Waswahili walikuwa watu wa bahari. Jibu lao lilielekea kwenye miaka ya baada ya 1000. Kabla ya hapo watu waliishi kando ya bahari, wakala vya bahari, lakini papa na samaki wengine wa maji makuu hawakuwa wengi jikoni mwao. Karne kadhaa kabla ya jahazi kupata sifa, mji ulikuwa umekwisha kulishwa na watu walioingia majini kwa miguu.

Kinachoifanya pwani hii ivulike kwa miguu ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa katika mkondo wa Unguja hufika karibu mita 4. Kwenye fukwe zilizokingwa na mwamba wa matumbawe, kama Jambiani au Watamu, bahari hujiondokea na kuacha uwanda wa mchanga, nyasi na madimbwi ambao mtu anaweza kuutembea hadi mawimbi yanapovunjika. Siku za maji mafu uwanda huo haukauki vya kutosha, na aliyezoea kula kwa miguu hukaa nyumbani akashone ukili. Mvuvi wa namna hii alihitaji kalenda mbili. Ya mwezi ilimwambia lini bahari itaondoka. Ya jua, inayoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi, ilimwambia upepo gani uko njiani, na kwa hiyo samaki gani.

Zana zenyewe ni za watu wenye subira. Dema husukwa kwa vipande vyembamba vya mwanzi au fito, matundu yake yana pembe sita, na mlango wake ni mdomo mpana kwa nje unaozidi kuwa mwembamba kuelekea ndani. Samaki huingia bila shida. Kutoka ndiyo kazi. Huwekwa kwenye nyasi za bahari, likagandamizwa kwa mawe, na tasi, ambaye ni mlaji wa mwani, hulifuata mwenyewe. Uzio ni jambo kubwa zaidi, karibu ujenzi wa nyumba. Miti ya mikoko husimikwa kwa mstari, fito zikafungwa kwa kamba mpaka ukuta ukamilike, na mwisho wa ukuta kuna chumba. Maji yakijaa samaki hupita kwenda kula ukingoni. Yakianza kupwa huyafuata, hukutana na ukuta, huutambaa, na hatimaye hujikuta chumbani maji yakiwafika mapezini. Mwenye uzio huja na tenga lake kana kwamba anakwenda shambani kwake.

Pamoja na hizo kulikuwa na utupa, majani yanayopondwa na kutiwa kwenye dimbwi ili samaki walewe na kuelea, njia ambayo sheria za leo zinaikataza pamoja na sumu nyingine zote. Na kulikuwa na kazi za wanawake. Wawili au zaidi hushika kanga au kitambaa chepesi, wakaingia maji ya kiunoni na kutanda dagaa na uduvi. Wengine huenda mpaka mwambani na fimbo iliyochongoka kutafuta pweza. Kazi hii ya pili inataka jicho kuliko nguvu. Pweza hujibadili rangi akafanana na jiwe alilokalia. Kinachomsaliti ni mlango wa shimo lake, uliofagiliwa safi na kupambwa kwa maganda ya kaa na kombe aliowala. Asiyefundishwa na mama au shangazi yake atapita juu ya mashimo kumi asione hata moja.

Wasafiri waliofuata hawakupoteza wino kwa mambo haya. Al-Idrisi, akiandika Sisilia mwaka 1154 katika baraza la Mfalme Roger, alitaja kwamba watu wa Malindi huvua samaki, huwatia chumvi na kuwauza. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alisema chakula cha watu ni ndizi na samaki, akaendelea na safari yake ya Kilwa. Nani aliwavua samaki hao na kwa nini, hakuuliza. Msomaji wa leo ana haki ya kumlaumu kidogo.

Hata hivyo kuna desturi moja ambayo ingewavutia wasafiri hao, kwa kuwa inawahusu wageni. Ni dago. Wavuvi wa mahali pamoja hufunga safari msimu ukigeuka, wakaenda kupiga kambi kwenye ufukwe au kisiwa cha watu wengine kwa majuma au miezi. Wapemba wa Kojani, na juya lao, ndio waliojipatia jina kubwa kuliko wote kwa kwenda dago: Tanga, Mafia, Kilwa, na kuvuka mpaka kwenda Vanga, Shimoni na mbele zaidi. Wabajuni wa visiwa vya Lamu nao wameteremka kusini kwa muda mrefu. Makuti machache, mtungi wa maji, chanja ya kukaushia ng'onda, na kambi imesimama. Mtu akitaka kujua ni nani wa kwanza kuja kukaa ufukweni mwa watu, akalala karibu na mawimbi na kuvua kila siku, asianze kuhesabu kwenye hoteli.

Tofauti ni kwamba dago lilikuwa na adabu zake. Mwenyeji wa Kiswahili anasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mgeni wa dago hakungoja siku ya tatu. Alifika akiwa na jembe lake, yaani wavu, na kwanza alikwenda kwa wazee wa mji kujulisha yeye ni nani na anatoka wapi. Katika vizazi vya karibuni amekuja na barua ya sheha au ofisa wa kwao. Alitoa kitu: samaki, ada, au vyote. Aliambiwa mahali pa kuvua na mahali pa kuacha. Ugomvi ulikuwepo, na bado upo, hasa wageni wanapokuja na nyavu ambazo wenyeji wanaziona za uharibifu. Lakini ulikuwa ugomvi wa watu wanaojuana kwa majina, na aliyefukuzwa mwaka huu alijua mwakani atamwomba nani msamaha.

Karne ya 19 ilileta wageni ambao hawakuvua chochote ila walihitaji mikono ya wavuaji. Wafanyabiashara wa Hamburg, miongoni mwao kampuni ya O'Swald iliyofungua duka lake Unguja mwaka 1849, walikuwa wamegundua kwamba kauri wa pwani hii wanakubalika kama fedha Afrika Magharibi. Maelfu ya tani ya kauri yalipakiwa kwenye meli na kuzungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Lagos na bandari za jirani, mpaka kauri wakajaa mno na thamani yao ikaanguka. Kila kauri mmoja katika shehena hizo aliokotwa na mtu aliyeinama mwambani maji yakiwa yamekupwa. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa namna kazi ya miguu na mikono mitupu ilivyoingia katika hesabu za benki za Ulaya bila yeyote kuiandika kuwa ni uvuvi.

Wasomi nao walikuja. Mwaka 1866 Robert Lambert Playfair, konsuli wa Uingereza Unguja, pamoja na Albert Günther wa jumba la makumbusho la London, walitoa kitabu kikubwa chenye picha juu ya samaki wa Unguja. Mkononi mwa Günther mjini London, changu na chewa walipata majina ya Kilatini. Waliowatoa majini hawakupata mistari mingi.

Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, walowezi wa nyanda za juu walipata njia rahisi ya kuteremka baharini wanapochoka na baridi. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyewaongoza matajiri katika safari za kuwinda, alikuwa na nyumba Takaungu, kusini ya Kilifi. Karen Blixen aliitembelea na kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu maisha yake Kenya. Anasimulia jinsi maji yalivyokupwa mtu akaweza kutembea mbali juu ya mwamba akiokota makombe na viti vya pweza, na jinsi wavuvi Waswahili walivyokuja wakikatiza uwanda huohuo, vilemba kichwani, kumuuzia samaki wa rangi nyingi na miiba mingi. Kwake walikuwa kama watu waliotoka katika hekaya za Sindbad. Kwao yeye alikuwa mteja. Kwa macho ya historia ya uvuvi, mtazamo wao ndio ulio sahihi zaidi: mwenye likizo alikuwa amefika, na alikuwa soko.

Mwanzoni mwa mwaka 1934 alifika mwingine, mwandishi Ernest Hemingway, aliyekuwa amewinda Tanganyika na kuugua tumbo kwa amiba hadi akasafirishwa Nairobi kwa ndege. Alipopata nafuu, yeye, mwenyeji wake Philip Percival na tajiri kijana Alfred Vanderbilt walikwenda kuvua Malindi. Hawakusimama ufukweni, walikodi chombo na kufuata samaki wa maji makuu. Miaka hiyohiyo ya 1930 Malindi ilianza kupata hoteli za wageni wa Kizungu, ile ya Kamanda Lawford ikiwa mashuhuri. Mombasa nako, daraja la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na hoteli ya ufukweni ikafuata huko baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Picha iliyouza pwani kwa wavuvi wa likizo ikawa ni ya mtu aliyesimama kando ya sulisuli au nduaro aliyening'inizwa kwa mkia, mzito kuliko yeye. Picha hiyo imechangia kuwafanya wengi waamini kwamba uvuvi wa mgeni ulianzia nje ya mwamba.

Lakini wageni wengi hawakuwa na fedha za Vanderbilt. Walikuja na fimbo ya kuvulia na gurudumu la kukunjia mshipi, wakasimama mchangani mbele ya hoteli. Hapo ndipo kupwa na kujaa kulipowafundisha adabu. Bahari haina ratiba ya kifungua kinywa. Mtu anayetoka chumbani saa nne asubuhi siku ya bamvua anaweza kukuta maji yamekwenda zake na mbele yake kuna akina mama wenye vikapu, watoto, na matope. Mwenyeji mwenye mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa au kipande cha ubao haji saa hiyo. Huja maji yanapoanza kupanda, akachagua mahali penye upenyo kwenye mwamba au mdomo wa kijito, kwa kuwa kolekole na mzia huingia na maji mapya kuwafuata samaki wadogo. Chambo chake ni kipande cha ngisi au kamba, uzito ni chubwi la risasi, na tangu nailoni ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia mshipi wake ni uleule wa mgeni. Kilichobaki kuwatofautisha ni saa.

Na njia. Mvuvi wa miguu hahitaji kumiliki ardhi ya ufukweni, anahitaji kupita. Katika mwambao wa Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi waje na uthibitisho. Waliofaulu kwa wingi walikuwa familia za Kiarabu na Kiswahili zenye uwezo. Wamijikenda wengi waliachwa bila hati kwenye ardhi waliyoilima. Viwanja vya mbele ya bahari vikauzwa na kuuzwa tena, kuta zikapanda, na njia za kwenda pwani zikawa za kuombwa. Mchanga unaofunikwa na maji ni wa umma, ndiyo, lakini haki ya kusimama mahali haina faida kubwa kwa asiyeweza kufika hapo. Zanzibar ilipitia mambo ya namna hiyo baadaye, uwekezaji wa hoteli ulipoota mizizi pwani ya mashariki katika miaka ya 1990.

Serikali nayo ilichora mipaka majini. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, za mwaka 1968, ni miongoni mwa za kwanza Afrika, na ndani yake hakuna anayeruhusiwa kuvua, awe na dema au na fimbo ya bei ghali. Kwa wavuvi lilikuwa pigo, na waliosema hivyo hawakuwa wakipiga kelele bure, kwa kuwa sehemu iliyofungwa ilikuwa ya karibu, inayofikika kwa miguu na mtumbwi mdogo. Baadaye watafiti wakiongozwa na Tim McClanahan walitumia madema yaleyale ya kienyeji kupima kinachotokea pembezoni mwa hifadhi ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986. Makala yao ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba dema lililowekwa karibu na mpaka hupata zaidi kuliko lililo mbali: samaki wanafurika kutoka ndani. Matokeo hayo hayakufuta hasara ya waliohamishwa, ila yaliupa mjadala kitu cha kushika. Wakati huo matumbawe yalikuwa yamekwisha kupata pigo jingine, pale joto la bahari la mwaka 1998 lilipoyapausha na kuua sehemu kubwa yake Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2001 Kenya ikapiga marufuku nyavu za kukokota ufukweni.

Mgeni wa likizo leo hukata kibali cha uvuvi wa michezo, na pale anapotumia mashua humlipa mwenye mashua. Ada hizo ni halali na zina kazi yake. Lakini ikilinganishwa na dago, kuna kitu kimepotea njiani: malipo ya dago yalishikwa na watu ambao mwamba wao ulikuwa ukivuliwa, na mazungumzo ya jioni ndiyo yaliyokuwa kibali. Kibali cha karatasi hakimjulishi mgeni kwamba mama anayepita mbele yake na nondo mkononi yuko kazini, na kwamba ndoana iliyokatika na kubaki mwambani itamchoma yeye mguuni kesho.

Akina mama hao wenyewe hawakukaa kungoja. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, na kwa miaka michache uwanda wa maji kupwa ukajaa vigingi na kamba za wanawake, wengi wao wakipata kwa mara ya kwanza fedha zisizopitia mkononi mwa mume. Bei ya mwani ilipolegea na maji kupata joto, baadhi walirudi kwa pweza. Huko walikuta mambo yamebadilika. Viwanda vya kusafirisha pweza Ulaya vilikuwa vimepandisha bei, na bei ilikuwa imewaleta wanaume wenye miwani ya kuzamia na mapezi ya mpira, ambao hawangoji bamvua na huwafuata pweza kwenye maji marefu ambako fimbo haifiki.

Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilijaribu kufunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mnyama huyu huishi kiasi cha mwaka mmoja hivi na huongezeka uzito haraka mno, hivyo kungoja kidogo kunalipa. Wazo lilisambaa, na katikati ya miaka ya 2010 Kisiwa Panza, Pemba, kilikuwa miongoni mwa vijiji vya Zanzibar vilivyolifuata. Siku ya kufungua huchaguliwa iwe ya bamvua ili wanaotembea wapate nafasi. Wazamiaji hupata zaidi hata hivyo, na vijiji vingi bado vinajadiliana kama wapewe zamu yao peke yao au sehemu ya karibu na nchi kavu iachiwe wenye fimbo.